Napoleon Bonaparte: Kijana wa miaka 16 mbele ya mtahini

KILA mwaka majeshi ya nchi zetu yanapotangaza nafasi za maofisa wanafunzi, viwanja hujaa vijana wenye bahasha za vyeti mikononi. Wapo waliokesha wakisoma, wapo waliokuja na jina la mjomba mfukoni, na wapo wanaotetemeka hata kabla jina halijaitwa. Usaili wa kupata kamisheni si jambo dogo. Ndani ya chumba kile hatima ya kijana, na mara nyingi ya familia nzima iliyobaki nyumbani, huamuliwa na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Leo tunamwangalia kijana mmoja aliyepita katika tundu hilo la sindano zaidi ya miaka 200 iliyopita. Huyu ni Napoleon Bonaparte, aliyekuja kuwa Kaisari wa Wafaransa na kuitikisa Ulaya kuanzia Hispania hadi Moscow. Wengi wanamfahamu kwa vita vyake, kwa kofia yake na kwa kifo chake cha uhamishoni. Ni wachache wanaojua kwamba safari yote hiyo ilianzia kwenye mtihani wa mdomo wa hisabati mwezi Septemba 1785, mbele ya mmoja wa wanahisabati wakali kuliko wote duniani, wakati yeye akiwa na umri wa miaka 16 tu.

Mtoto wa kisiwani

Napoleon alizaliwa Agosti 15, 1769 katika mji wa Ajaccio, kisiwani Corsica, katika Bahari ya Mediterania. Mwaka mmoja kabla yake Jamhuri ya Genoa ilikuwa imekiachia kisiwa hicho kwa Ufaransa. Wenyeji waliokataa, chini ya kiongozi wao Pasquale Paoli, walichukua silaha wakapigana, lakini walishindwa mwezi Mei 1769. Miezi mitatu baadaye mtoto huyo akazaliwa, akiwa raia wa taifa lililokuwa limetoka kuwapiga watu wake.

Baba yake, Carlo Bonaparte, alikuwa mwanasheria. Hapo mwanzo alimfuata Paoli, lakini baada ya kushindwa aliona maji yamekwisha kumwagika, akapatana na watawala wapya na kuwa mtu wa karibu wa gavana wa Kifaransa. Ukaribu huo ndio uliomfungulia mwanawe mlango.

Wakati huo Mfalme wa Ufaransa alikuwa akitoa nafasi za kusoma bure katika shule za kijeshi kwa watoto wa makabaila maskini. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza mzazi alitakiwa kuthibitisha kwamba hana uwezo wa kulipa. Pili alitakiwa kuonyesha hati kwamba ukoo wake ulikuwa wa kikabaila kwa vizazi vinne. Carlo alihangaika na makaratasi hayo hadi yakakubaliwa. Mtoto wa fundi au wa mwoka mikate, hata angekuwa na akili za kushangaza, hakuwa na pa kuanzia. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

Januari 1779 Napoleon, akiwa na umri wa miaka tisa, aliachwa katika shule moja mjini Autun ili ajifunze Kifaransa, lugha ambayo nyumbani kwao haikuzungumzwa. Baada ya miezi michache, mwezi Mei, akapelekwa katika shule ya kijeshi ya Brienne, iliyokuwa ikiendeshwa na watawa. Alikaa huko zaidi ya miaka mitano bila kurudi nyumbani hata mara moja.

Wenzake walimcheka. Walicheka lafudhi yake, wakacheka jina lake, wakacheka umaskini wake. Naye akajitenga na kuzama katika vitabu. Hakuwa hodari wa kila kitu. Kilatini kilimshinda, na tahajia yake ya Kifaransa ilibaki mbovu hadi uzeeni. Lakini katika hisabati aliwaacha wenzake mbali, na walimu wake waliliona hilo mapema.

Kwa nini mizinga

Mwanzoni alitaka kuingia jeshi la majini, jambo la kawaida kwa mtoto wa kisiwani. Nafasi hazikupatikana. Ndipo akageukia kikosi cha mizinga, na uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha.

Katika jeshi la Ufaransa la wakati ule, aliyetaka kuwa afisa wa wapanda farasi au wa askari wa miguu alihitaji jina kubwa, fedha na watu wa kumshika mkono. Watoto wa wakubwa walipata vyeo wakiwa wadogo, na wengine walipandishwa bila kuonyesha lolote. Kwenye mizinga mambo yalikuwa tofauti. Mzinga haujui ukoo. Afisa asiyejua kukadiria umbali, pembe na kiasi cha baruti atapiga mbali na shabaha, au atawaua askari wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo kikosi hiki kiliwapima vijana kwa mtihani mgumu, na kijana asiye na fedha aliweza kupanda kwa juhudi yake.

Oktoba 1784 Napoleon alichaguliwa, pamoja na wenzake wachache wa Brienne, kwenda Shule ya Kijeshi ya Paris, iliyojengwa kando ya uwanja wa Champ-de-Mars. Hapo alikutana na maisha mengine kabisa. Chakula kilikuwa kizuri, walimu walikuwa wa hali ya juu, na miongoni mwa wanafunzi walikuwamo watoto wa familia kubwa za Ufaransa waliozoea kuhudumiwa. Yeye mtoto wa Corsica, anayesomeshwa kwa msaada wa mfalme, alijiona kama mgeni katika sherehe ya watu wengine.

Njia ya kuwa afisa wa mizinga kwa kawaida ilikuwa na hatua mbili. Kijana alifanya mtihani wa kwanza ili awe mwanafunzi wa mizinga. Akishinda alisoma tena, kisha akarudi kufanya mtihani wa pili uliompa kamisheni. Hata hivyo, aliyejiamini aliruhusiwa kuzikamilisha hatua zote mbili kwa mkupuo mmoja. Hatari yake ilikuwa wazi, maana kiwango cha mtihani wa pili kilikuwa juu zaidi kwa mbali.

Kitabu kilichotumika kilikuwa cha mwanahisabati Étienne Bézout, chenye juzuu nne. Kilianza na hesabu za kawaida, kikapita kwenye jometri na aljebra, hadi kwenye mwendo wa vitu na nguvu zinazovisukuma. Aliyetaka kuwa mwanafunzi wa mizinga alihitaji juzuu ya kwanza tu. Aliyetaka kamisheni ilimpasa ajue zote nne. Napoleon aliamua kuzimeza zote nne katika mwaka mmoja.

Habari kutoka Montpellier

Katikati ya maandalizi hayo msiba ukaingia. Februari 24, 1785 baba yake alifariki dunia katika mji wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, alikokwenda kutafuta matibabu ya ugonjwa wa tumbo. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alimwacha mkewe, Letizia, na watoto wanane, mdogo kabisa akiwa bado mchanga. Aliacha pia madeni, pamoja na mradi wa miche ya miforosadi uliokuwa umeingia hasara.

Kaka yao mkubwa, Joseph, alirudi nyumbani kumsaidia mama. Ami wa baba yao, aliyekuwa padri mwenye cheo, ndiye aliyeshika usimamizi wa mali. Napoleon alibaki Paris. Sheria za shule hazikumruhusu kwenda kuzika, na hata angeruhusiwa, nauli ya kumfikisha asingekuwa nayo. Alimwandikia mama yake barua ya kumfariji, akarudi kwenye vitabu.

Kuanzia hapo mtihani ule ulikuwa na uzito mwingine. Kama angeshindwa, angerudia mwaka na nyumbani wangesubiri. Kama angeshinda, familia ingekuwa na mtoto mmoja anayepokea mshahara wa mfalme. Kati ya watoto wanane, ni yeye pekee aliyekuwa karibu na kazi ya uhakika.

Mbele ya Laplace

Bézout mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtahini wa vijana wa mizinga, alifariki mwaka 1783. Nafasi yake ilichukuliwa na Pierre-Simon Laplace, mjumbe wa Chuo cha Sayansi cha Paris, aliyekuwa na umri wa miaka 36. Wakati huo Laplace alikuwa akishughulikia fumbo la mwendo wa sayari za Mshtarii na Zohali lililokuwa limewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuwauliza maswali vijana waliokuwa bado hawajaota ndevu.

Mtihani ulikuwa wa mdomo. Mtahiniwa hakutakiwa kutoa jibu tu, bali kuonyesha njia iliyomfikisha kwenye jibu, hatua kwa hatua. Aliyekariri bila kuelewa alijulikana mara moja, kwa sababu swali la pili lilifuata palepale alipojikwaa. Hapakuwa na nafasi ya kunakili kwa jirani, wala ya kujificha nyuma ya mwandiko mzuri.

Inasimuliwa kwamba siku ile mwalimu wa Kijerumani wa shule hiyo, ambaye somo lake Napoleon alilipuuza kabisa, aliuliza alikokwenda mwanafunzi wake. Alipoambiwa amekwenda kutahiniwa kwa ajili ya mizinga, alishangaa kusikia kwamba kijana yule anajua chochote. Wanafunzi wakamweleza kuwa ni miongoni mwa wanahisabati bora wa shule. Mwalimu akajibu kwamba siku zote alijua hisabati ni kazi ya wapumbavu.

Matokeo yalipotoka, kati ya watahiniwa 202 wa Ufaransa nzima waliopata kamisheni walikuwa 58. Napoleon alikuwa wa 42. Nafasi hiyo haikuwa ya kutangaza kwa tarumbeta, lakini wengi wa waliomtangulia walikuwa na maandalizi ya muda mrefu zaidi, na yeye aliruka hatua nzima. Barua ya kamisheni yake iliandikwa tarehe ya Septemba 1, 1785. Mtoto wa Ajaccio akawa Luteni Usu wa mizinga wiki mbili tu baada ya kutimiza miaka 16.

Wanne wa darasa moja

Kutoka Shule ya Kijeshi ya Paris walifaulu wanne tu. Picot de Peccaduc alikuwa wa 39, Le Picard de Phélippeaux wa 41, Napoleon wa 42, na rafiki yake Alexandre des Mazis wa 56.

Phélippeaux na Napoleon hawakupatana hata kidogo. Inasemekana Picot, aliyekuwa akikaa katikati yao darasani, alilazimika kuhama kiti kwa sababu wawili hao walikuwa wakirushiana mateke chini ya meza na miguu iliyoumia ilikuwa yake.

Ugomvi huo haukuishia darasani. Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka 1789, Phélippeaux alibaki upande wa mfalme, na baadaye akajiunga na Waingereza. Mwaka 1799 Napoleon, akiwa jenerali, alitoka Misri na jeshi lake na kuuzingira mji wa Acre katika pwani ya Palestina. Aliyekuwa ndani ya kuta akipanga mizinga ya kuulinda mji huo pamoja na Waturuki na Waingereza alikuwa Phélippeaux, yule yule aliyempita kwa nafasi moja mbele ya Laplace. Phélippeaux alifariki kabla mapigano hayajaisha, lakini Napoleon hakuweza kuuteka mji. Baada ya miezi miwili aligeuza na kurudi Misri.

Picot naye aliikimbia Ufaransa, akapanda hadi cheo cha jenerali mkubwa katika jeshi la Austria. Hivyo, kati ya vijana wanne waliofaulu pamoja, wawili waliishia upande wa maadui wa Napoleon.

Afisa anayelinda lango

Mwisho wa Oktoba 1785 Napoleon na des Mazis waliondoka Paris kwenda Valence, kwenye Rejimenti ya La Fère. Kama alidhani kamisheni ingempa heshima siku ya kwanza, alikosea. Utaratibu wa mizinga ulimtaka kila afisa mpya aanze chini kabisa. Alitumikia kama mpiga mzinga wa kawaida, kisha koplo, kisha sajini. Alisimama lindo, akasukuma mizinga kwa mikono na kujifunza kazi ya kila askari ambaye baadaye angemwamuru. Ni Januari 1786 ndipo aliporuhusiwa kufanya kazi za afisa.

Mshahara wake, pamoja na posho, ulikuwa kama livre 1,120 kwa mwaka. Haukuwa mwingi, na kwa mtu mwenye mama mjane na wadogo wengi ulikuwa mdogo zaidi. Mwaka 1791 alimchukua mdogo wake Louis, mwenye umri wa miaka 12, akaishi naye kambini Auxonne kwa mshahara huo huo. Alimfundisha hisabati yeye mwenyewe na kubana matumizi hadi ya chakula.

Miaka minane baada ya mtihani, yale aliyosoma yalizaa matunda. Mwaka 1793 bandari ya Toulon iliangukia mikononi mwa Waingereza na washirika wao. Napoleon, wakati huo akiwa kapteni, alipewa mizinga baada ya kiongozi wake kujeruhiwa. Aliitazama ramani na kuona kwamba mwenye kushika rasi inayotazama bandari ndiye atakayezifukuza meli. Ilikuwa hesabu ya umbali na pembe, ile ile ya Bézout. Desemba 19 mji ulirudi mikononi mwa Wafaransa, na Desemba 22, 1793 alipandishwa cheo kuwa Brigedia Jenerali. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mtoto wa mwoka mikate

Mwaka huo huo wa 1793, Laplace alikuwa tena kwenye kiti cha mtahini, mara hii katika mji wa Châlons. Mapinduzi yalikuwa yamefuta sharti la hati za ukabaila. Akaingia kijana mmoja aliyevaa nguo za kishamba, viatu vizito na vumbi la safari ya miguu. Waliokuwapo wakacheka, wakidhani amepotea njia. Jina lake lilikuwa Antoine Drouot, mtoto wa mwoka mikate wa mji wa Nancy, aliyezoea kusoma usiku kwa mwanga wa tanuri la baba yake.

Laplace alimwuliza maswali mepesi, kisha magumu, kisha yaliyozidi kiwango cha mtihani. Kijana akayajibu yote. Inasimuliwa kwamba mtahini aliinuka na kumkumbatia, na wale waliokuwa wakicheka wakambeba juu mitaani. Drouot alishika nafasi ya kwanza, na miaka ya baadaye akawa jenerali wa mizinga wa Kikosi cha Ulinzi cha Napoleon mwenyewe.

Kisa hiki kinaonyesha jambo ambalo wanaomsifu Napoleon husahau. Alisoma kwa bidii, hilo halina ubishi. Lakini bila zile hati za baba yake asingefika mbele ya Laplace. Kama Drouot angezaliwa miaka mitano tu mapema, angebaki akikanda unga.

Napoleon mwenyewe alilijua hilo. Alipotwaa madaraka Novemba 1799 alimteua mtahini wake wa zamani kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Laplace alidumu wiki sita tu. Napoleon alilalamika kwamba mwanahisabati huyo alikuwa akichambua vitu vidogo vidogo na kuyaacha makubwa. Hata hivyo alimpa heshima katika Baraza la Seneti na baadaye cheo cha kikabaila. Mwaka 1802 alianzisha shule ya maofisa ambayo mwaka 1808 ilihamia Saint-Cyr. Shule hiyo ipo hadi leo, na vijana wengi wa Afrika wamepata mafunzo yao ya uafisa hapo.

Lakini mwaka huo huo wa 1802 mtu huyu aliyefunguliwa mlango na mtihani aliwafungia wengine. Sheria yake ilirudisha utumwa katika makoloni ya Ufaransa, na maelfu ya watu weusi waliokuwa wametangazwa kuwa huru wakavalishwa minyororo upya. Kwao hapakuwa na mtahini wala maswali. Vita vyake navyo viliua vijana wa Ulaya kwa mamia ya maelfu, wengi wao wakiwa na umri ule ule aliokuwa nao alipopokea kamisheni.

Aprili 1814, Napoleon aliposhindwa, Seneti ilipiga kura ya kumwondoa kwenye kiti, na Laplace alikuwa miongoni mwa waliokubali aondolewe. Drouot, yule mtoto wa mwoka mikate, alimfuata uhamishoni katika kisiwa cha Elba. Napoleon alirudi kwa muda mfupi, akashindwa tena Waterloo Juni 1815, na Waingereza wakampeleka kisiwa cha Saint Helena, katikati ya Bahari ya Atlantiki. Alifariki huko Mei 5, 1821 akiwa na umri wa miaka 51, naye kwa ugonjwa wa tumbo kama baba yake.

Aliondoka duniani akiwa amepata na kupoteza kila cheo ambacho mwanadamu anaweza kujipa. Kile cha Septemba 1785 tu, cha Luteni Usu wa mizinga, ndicho ambacho hakujipa mwenyewe wala hakupewa kwa upanga. Alikipata kwa juzuu nne za hisabati, katika mwaka aliomzika baba yake kwa mbali.